Boriti ya Mbonea na Jina la Binti Yake

Sogeeni, lakini anayeogopa kuamua akae mbali nami. Mimi mwenyewe hadithi hii imeninyima raha.

Mbonea wa milima ya Upare alikuwa na dada watatu, na hakuna aliyejaliwa mtoto. Nakundwa alikuwa na sikio: kuku akitaga ng'ambo ya bonde, anajua. Namsifu alikuwa na pua: ugali haujaungua, yeye keshasema. Naetwe alikuwa na mabega. Boriti ya kati ya nyumba ya Mbonea aliibeba peke yake kutoka msituni.

Mke wa Mbonea akajifungua binti. Mkunga akamwambia huyo ndiye wa mwisho, kwa hiyo ni shangazi mmoja tu ambaye jina lake lingerithiwa.

Siku ya pili Nakundwa akaanza kuhangaika. "Kuna kitu kinatafuna humu. Kr, kr, kr." Akainua godoro, akahamisha vyungu, akatoka, akarudi.

"Wifi, pumzika basi," mzazi akamwomba.

"Nitapumzikaje na chenyewe hakipumziki?"

Siku ya sita akaja Namsifu, akanusa, akapanda ngazi mpaka kwenye boriti. Akabandua gome. Akatokeza mdudu mwenye vipapasio virefu mara mbili ya mwili wake. Hakuna pale aliyewahi kumwona. Nyuma yake ulikuwa unga mtupu, funza wake wameila boriti kwa ndani. "Mtoeni mtoto!"

Naetwe, aliyekuwa akiwacheka wenzake tangu asubuhi, akasikia boriti inapasuka. Akaruka, akaweka bega. Mtoto akatolewa salama. Bega likavunjika, na halitabeba tena hata ndoo.

Siku ya saba ikafika, siku ya kutoa jina.

"Bila sikio langu, nani angetafuta?" akauliza Nakundwa.

"Ungetafuta mpaka leo chini ya godoro," akajibu Namsifu.

Naetwe akalia. "Na mimi nimebaki na nini?"

"Dada," Namsifu akamwambia, "boriti uliileta wewe, na magome yake, kwa haraka zako. Mdudu hutaga kwenye magome."

Naetwe akalishika bega lake lililovunjika.

Mzazi anawapenda wote, na anaogopa. Wawili watakaokosa, watakanyaga tena kwake? Watu wamekaa, mtoto yuko mikononi, dada watatu wanamtazama mdomoni.

Haya, msinitazame mimi. Wewe ungemwitaje?