Bi Mbuzi na Jicho la Pili la Kinyonga

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mmelalia matumbo? Paukwa!

Pakawa!

Enhee. Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Mbuzi, mjane mwenye ndevu zake na watoto pacha. Kila kiangazi maziwa yalimkauka, pacha wakalia mpaka majirani wakanuna.

"Mwaka huu hawalii," akasema. Akalima, akavunja mabonge, akapanda alfalfa, yale majani matamu ya mifugo. Ukiyakata yanachipua tena, mradi uyaache kwanza yatoe maua, mizizi ishike.

Miche ikaota, laini kama nywele za kichanga. Panzi wakasikia. Bi Mbuzi akamwita Kinyonga awe mlinzi.

Shoga yake Kuku akacheka mpaka akataga. "Shoga! Mlinzi gani huyo, anakanyaga kama anaogopa ardhi itapasuka? Si ungeniweka mimi?"

"Wewe? Ukimtafuta mdudu mmoja, unafukua shamba zima!"

Kinyonga akapanda kijitini. "Jicho moja huku, jicho moja kule." Ulimi, pwa! Panzi wakaisha.

Lakini miche ya pembeni ikapungua.

Wakaja viwavi. "Jicho moja huku, jicho moja kule." Pwa! Viwavi wakaisha.

Miche ikazidi kupungua. Kila asubuhi Bi Mbuzi akitoka kukagua, analia, "Nimeibiwa!"

Kuku akalitembeza jambo hilo mji mzima. "Mwizi ni Kinyonga! Mmemwona alivyo kijani? Kijani hicho kakitoa wapi?" Mimi simsengenyi mtu, nasema alivyosema.

Bi Mbuzi akapandwa na hasira, akaenda kumfukuza.

"Nifukuze, dada," Kinyonga akamjibu polepole. "Ila kwanza pangusa ndevu."

Akapangusa. Jani la alfalfa likaanguka.

"Jicho moja lilikuwa kwa wadudu," Kinyonga akamnong'oneza. "La pili lilikuwa kwako, kila ulipokuja kukagua."

"Naonja tu, kaka! Nione kama yamekomaa."

"Unaonja. Na pacha wataonja nini kiangazi?"

Bi Mbuzi akageuka. Akaondoka. Kuku akajua kaenda kuleta fimbo, akasogea apate kuona vizuri. Kumbe Bi Mbuzi alirudi na kamba na kigingi mdomoni!

"Nifunge, kaka. Kule mbali. Usinifungue mpaka yatoe maua, hata nikikutukana."

Na alimtukana kweli! Matusi ya mbuzi mnayajua. Kinyonga hakumfungua. Na kwa mwendo ule, hata angetaka, angefika lini?

Alfalfa ikatoa maua ya zambarau. Kiangazi kikaja, maziwa yakajaa, pacha wakanyonya mpaka wakasinzia na chuchu mdomoni. Kinyonga akaitwa mjomba tangu siku hiyo.

Basi, wajukuu zangu, ukimaliza kuwafukuza wadudu wote, uutazame na mdomo wako. Na anayekupenda hukwambia upanguse ndevu. Hazungushi habari zako mitaani.

Hadithi yangu nimeifunga kigingini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nimpe Kuku akaitangaze.