Mwosha Maiti na Binti Aliyeacha Kuomba

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Nuseiba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuwaosha maiti wa kike. Aliifanya miaka thelathini kwa kutaka radhi za Mola wake, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akieleza alichokiona chini ya shuka. Na hilo, ndugu zangu, ndilo sharti la kazi yenyewe, kwani mwosha maiti huaminiwa na mtu asiyeweza tena kujisitiri.

Ikawa siku moja akafariki Bi Lubaba, mjane aliyekuwa akioka mikate na kuiuza mlangoni pake, akamwacha binti yake wa pekee, Atika. Nuseiba akamwosha, akamkafini, akatoka nje mikono ya nguo yake ingali imeloa. Kwenye mkeka wa matanga wanawake walikuwa wakimsifu marehemu, na mmoja wao akasema, "Bila shaka uso wake uling'ara kwa nuru." Nuseiba alikuwa amechoka. Tena, tusimpambe, aliona utamu wa kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye. Akasema, "Uso wake ulikuwa mweusi, na maji hayakuubadilisha."

Maneno saba tu, na yote ya kweli. Wanawake wale wakatazamana. Kabla ya Alasiri mji mzima ulikwisha kuamua kwamba weusi ule ni dalili ya Lubaba kufa na mwisho mbaya, na kwamba ucha Mungu wake ulikuwa wa kuonyesha watu. Wale wale waliokula mikate yake miaka kumi wakaanza kukumbuka makosa yake ambayo hawakuwahi kuyaona. Jeneza likasindikizwa na watu wachache wa kuhesabika. Waliokuwa wamemposa Atika wakaivunja posa mwezi ule ule.

Lakini msiba mkubwa haukuwa huo. Atika aliacha kumwombea mama yake. Kila baada ya swala aliinua mikono, kisha akaishusha bila kutamka kitu. Jirani alipomuuliza, alijibu, "Nimwombee vipi aliyekwisha kuhukumiwa?" Habari hiyo ilipomfikia Nuseiba, ilimvunja kabisa. Alijua namna maiti anavyoitazamia dua ya mwanawe, na yeye ndiye aliyemnyang'anya Lubaba dua hiyo.

Akaacha kuosha. Akazunguka visimani na sokoni akiwaambia watu, "Weusi wa uso wa maiti huweza kuletwa na homa, au na mengine nisiyoyajua. Mimi si tabibu wala si malaika. Nimekhini amana, nimetoa siri niliyoaminiwa." Wakatikisa vichwa kwa huruma na kusema, "Masikini, sasa anamsitiri." Kadiri alivyozidi kueleza, ndivyo walivyozidi kuamini lile la kwanza.

Alipoona hawamwamini, asubuhi moja baada ya kuswali Alfajiri, akaenda mlangoni kwa Atika. Akasema, "Assalamu alaykum, mwanangu. Mimi ni Nuseiba. Nimekhini amana ya mama yako, na nimekuja kukiri."

Kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, Atika aliitikia akiwa nyuma ya mlango. Kisha akauliza, "Uliona au hukuona?"

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake. Angesema hakuona, pengine mlango ungefunguka pale pale. Lakini alichelea kumjengea yatima faraja juu ya uongo, ambayo ingebomoka siku yoyote. Akasema, "Niliona, mwanangu. Nilichokiona sijui maana yake."

Mlango ukabaki umefungwa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na mwaka ukapita, na wa pili, bila kupata neno ila kule kuitikia salamu kwa wajibu. Akaenda kwa Sheikh Dhakwani, imamu wa msikiti wa mtaa wao, akalia mbele yake. "Nimechoka, Sheikh. Siku zote kwangu zimekuwa siku moja, tena mbaya. Miaka miwili mlango haujafunguliwa."

Sheikh akamwambia, "Ukienda na miaka miwili kichwani, unakwenda kudai. Kesho nenda kama mtu aliyekosa asubuhi hiyo hiyo."

"Nikifanya hivyo, atanisamehe?"

"Sijui," akasema Sheikh.

Sitawadanganya kwamba moyo wa Nuseiba ulitulia tangu hapo. Alikuwa amekata tamaa ya kusamehewa na watu, na usingizi wake ulikuwa mchache. Hata hivyo kila asubuhi alitawadha, akaswali, akaenda, akataja jina lake na kosa lake tangu mwanzo kana kwamba hajawahi kufika pale. Mgongo ukapinda, akawa anatembea akishika kuta.

Mwaka wa tisa, asubuhi moja ya baridi, alipokwisha kukiri hakuondoka. Akasema, "Mwanangu, leo siombi radhi yangu. Namwombea mama yako kwako. Sema neno moja kwa ajili yake."

Atika akajibu kwa uchungu, "Neno langu mimi litafaa nini?"

Nuseiba akaegemea ukuta. Akasema, "Maneno yangu yalikuwa saba. Niliyasema mbele ya majirani, viumbe dhaifu wasiomiliki pepo wala moto. Yakapunguza watu kwenye jeneza, yakavunja posa yako, yakakufunga mdomo miaka tisa. Je, neno lako mbele ya Mwingi wa Rehema ni dhaifu kuliko langu mbele ya majirani?"

Kisha nyuma ya mlango ikasikika sauti iliyokwaruza, sauti ya mtu anayetamka kitu alichokwisha kukisahau. "Ewe Mola wangu, msamehe mama." Ikakatika. Ikarudia, "Msamehe mama yangu," na kilio kikafuata. Nuseiba akaitikia amina kwa kunong'ona ili asisikike.

Mlango haukufunguliwa. Wala haikutufikia habari kwamba Atika alimsamehe mwosha maiti yule. Kilichotufikia ni kwamba asubuhi ya pili Nuseiba alikuwa tena pale pale, akitoa salamu, na kwamba hakuacha kwenda mpaka mauti yalipomzuia.

Ndugu zangu, huyo alisema neno baya mara moja katika miaka thelathini. Mimi ninayewasimulia nimesema mengi, na milango ya niliowasema naijua yote, na sijafika kwenye hata mmoja. Tumwombe Mwenyezi Mungu atufikishe asubuhi ya kesho, na akitufikisha, atupe miguu ya kwenda.