Jiko la Marehemu Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jiko.

Jiko la nani?

Jiko la mama aliyekufa.

Lete habari zake, tumlilie!

Hapo zamani za kale, katika mwaka wa nzige, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, nyoka swila aliingia katika kijiji cha wanyama. Akina Pimbi wakakimbilia majabalini. Akina Kanga wakarukia mitini. Nguchiro peke yake, mama mjane, akasimama njiani akapigana naye. Swila akafa. Kabla ya adhuhuri Nguchiro naye akafa kwa sumu.

Aliacha wana watatu: Zawena, binti mkubwa, Pazi, wa kati, na Kadogo, kitindamimba, ambaye hakuwa ameota hata jino moja. Akawaacha pamoja na bibi yao, ajuza asiyeona.

Kijiji kikalia, kikaweka matanga. Ngiri, mkuu wa kijiji, akagawa zamu: leo Kanga alete uji, kesho Pimbi alete kunde, keshokutwa yeye mwenyewe alete viazi. Zamu zikashikwa bila kukosa. Kadogo akajaa mashavu.

Tarehe ishirini ya mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, ikatimia arobaini. Dua ikasomwa, matanga yakavunjwa, majirani wakaosha vyungu vyao wakaenda zao. Maana katika kijiji kile iliaminiwa kwamba apelekaye chakula kwa wafiwa baada ya arobaini hukiita kifo kirudi.

Kesho yake jiko halikuwaka. Zawena akachukua kibuyu, akaenda kwa Kanga, akasimama uani akaimba:

*Mama kalala, jiko limelala,*
*Kadogo alia, nani ataliwasha?*

Kanga akatoka akijifuta machozi. "Mwanangu, nakupenda kama niliyekuatamia mwenyewe! Lakini matanga yamevunjwa jana tu. Wataka waseme Kanga amekiita kifo?"

Zawena akaenda kwa Pimbi, akaimba:

*Mama kalala, jiko limelala,*
*Kadogo alia, nani ataliwasha?*

"Shikamoo, baba Pimbi."

"Marahaba. Loo! Kibuyu cha wafiwa mlangoni pangu? Kifiche, wanangu wasikione! Mama yako nilimlilia hata sauti ikanikauka. Nikulilie na wewe?"

Zawena akaenda kwa Ngiri. Chungu kilikuwa kikitokota nyuma yake. Akaimba:

*Mama kalala, jiko limelala,*
*Kadogo alia, nani ataliwasha?*

"Binti yangu," akasema Ngiri, "mimi ndiye niliyevunja matanga. Mkuu akivunja na mwiko, nani ataushika? Jikaze. Mungu yupo."

Zawena akarudi na kibuyu kitupu. Yeye na Pazi wakachimba mizizi. Bibi akasema ameshiba, na hakuwa amekula. Kadogo akatafuniwa, tumbo lake likakataa. Siku ya kwanza alilia sana. Siku ya tano alilia kidogo.

Tarehe ishirini na tisa, siku ya Jumatano, asubuhi, Kadogo hakulia. Bibi akampapasa.

"Zawena, mbona mwenzenu amepoa hivi?"

Kilio kikapigwa. Jua halijapanda, majirani walikwisha kufika: Kanga na uji, Pimbi na kunde, Ngiri na viazi. Sasa ulikuwa msiba, na chakula kilikuwa halali kuletwa.

Zawena akasimama mlangoni.

"Uji huu ni wa nani, mama Kanga?"

"Ni wenu wafiwa, mwanangu."

"Aliyeuhitaji ndiye mnayemchimbia kaburi."

Kanga akainamisha kichwa. Kisha sauti ya ajuza ikatoka ndani, taratibu:

"Mliogopa kukiita kifo, wanangu. Haya, nani aliyekiita?"

Pazi, kwa njaa, alikuwa amekwisha kuingiza mkono katika chungu cha viazi, na Zawena hakumzuia.

Ngiri akaanguka magotini. "Nilijificha nyuma ya mwiko," akasema. "Kuanzia leo, matanga ya aliyeacha watoto hayavunjwi mpaka watoto hao wajilishe wenyewe. Na zamu ya kwanza ni yangu."

Zamu zikarudi, zikaendelea miaka. Zawena akakua, Pazi akakua, ajuza akafa akiwa ameshiba kweli. Ndiyo maana hata leo nguchiro huishi kundi zima, na mtoto wa mmoja hulishwa na wote.

Lakini Kanga, kila zamu yake ilipofika, alifika na bakuli nne. Akazipanga, akazitazama, kisha akaiondoa moja.

Enyi mlionisikiliza, machozi ya matanga ni mepesi, kila mtu anayo. Yatima humtambua jirani yake siku ya arobaini na moja. Na mwiko unaomlaza mtoto na njaa, uvunjeni.

Ngano yangu imekoma hapa. Mwenye moto jikoni asiote peke yake.