Kitambaa cha Parachuti ya Nasieku

Hapo zamani, tembo walipokuwa wakihesabiwa kwa macho kutoka angani, palikuwa na kikosi cha wahesabuji wenye ndege moja ndogo na desturi moja. Aliyeokolewa na parachuti alimpa mwokozi wake kitambaa cha parachuti hiyo, kikiwa kizima. Kukikata ulikuwa mwiko.

Asubuhi moja Bi Tunu, mkunjaji wa parachuti, aliigusa ya mhesabuji Nasieku akahisi unyevu. Akaifungua, akaianika, akaikunja upya. Saa nzima ikapita.

"Bi Tunu, tembo watazeeka," alisema rubani, Kapteni Rwezaura.

"Wazeeke," akajibu.

Wakapaa watatu: rubani, Nasieku na mhesabuji mwenzake, Magesa. Lemayian, mume wa Nasieku, alibaki uwanjani na Bi Tunu.

Wakati wa kurudi, uwanja ukiwa umeshaonekana, injini ikashika moto.

"Tokeni," alisema rubani.

Nasieku alitaka kufungua mkanda wa kiti. Kwa haraka akafungua wa parachuti. Magesa alikuwa ameshafika mlangoni; akarudi, akampiga kofi mkononi.

"Siyo huo, dada. Huo unakwenda nao."

Akaufunga, akafungua wa kiti, akamsukuma nje, kisha akaruka. Rubani, macho yamejaa moshi, aliishikilia ndege isilale ubavu mpaka wote wawili walipotoka. Yeye akaruka wa mwisho, karibu mno na ardhi, akavunjika mguu.

Uwanjani Lemayian alihesabu parachuti zilizofunguka. Moja. Mbili. Akangoja. Tatu. Hapo akakaa chini kwenye nyasi.

Walipokusanyika, rubani akiwa juu ya machela, Nasieku alikunjua kitambaa.

"Bila mimi," alisema Bi Tunu, "angeshuka na furushi la nguo mbichi. Tena mlininung'unikia."

"Bila mimi," alisema Magesa, "parachuti yako nzuri ingebaki angani, yeye angeshuka peke yake. Na mlangoni nilikuwa nimeshafika."

"Bila mimi," alisema rubani, "mlango wenyewe ungekuwa juu ya vichwa vyenu, mngeupanda kama dari. Mguu huu umevunjika kwa sekunde zenu."

"Na mimi je?" aliuliza Nasieku. "Nilihesabu hadi tatu, nikavuta kamba mwenyewe."

Wakacheka, hata rubani, ingawa kucheka kulimuumiza.

"Shemeji, amua wewe," Magesa alimwambia Lemayian.

"Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuwaambia watoto," alisema Lemayian. "Sasa siyahitaji. Kitambaa ni chake, atoe mwenyewe."

Nasieku akakikusanya kitambaa kifuani, akawatazama mmoja mmoja, akapiga hatua moja mbele.

Nanyi mliosikiliza, hatua ya pili aielekeze wapi? Je, nani alistahili kitambaa kile?