Pikipiki Iliyoshikwa na Kwikwi

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana pikipiki zilikuwa zimeshafika mpaka vileleni, aliishi mlimani mzee mmoja aitwaye Kaniki na mkewe Bi Mboni. Walipendana sana, ila hawakutaka watu wajue, kwa hiyo walibishana kutwa.

Binti yao Zuhena aliolewa bondeni, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Bi Mboni alimwahidi, "Siku yako ikifika, mkono utakaoushika ni wangu." Kwenda bondeni ni mteremko mtupu, kona ishirini na moja, na upande mmoja wa barabara hakuna kitu ila hewa. Magoti ya Bi Mboni hayakuweza tena mteremko ule. Na kupakiwa na mtu mwingine alikataa katakata. "Nimshike kiuno mwanamume gani mimi? Kiuno ninachokijua ni kimoja."

Basi ikabaki pikipiki ya Mzee Kaniki. Nayo ikashikwa na kwikwi.

Kila alipobana breki ya mbele, mkono wa breki ulimsukuma vidole, ukaachia, ukasukuma tena, na usukani ukatetemeka. Mzee akasema ni barabara. Wakapita kwenye lami mpya, ikatetemeka. Akasema ni upepo. Upepo ukatulia, ikatetemeka. Akasema, "Mama Zuhena, umenenepa." Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

Akaenda kwa Chambuso, fundi pekee wa pale mlimani. Chambuso, muwa mdomoni, akamfungia pedi mpya za breki bila hata kulizungusha tairi. Mzee akaondoka anatabasamu. Kwenye kona ya kwanza: kwi, kwi, kwi.

Halafu simu ikaja kutoka bondeni. Mkunga amesema wiki haiishi, Zuhena atakuwa amejifungua. Wazee wakapanda pikipiki asubuhi ileile. Kwenye kona ya tatu usukani ukatetemeka vibaya, mzee akaogopa kubana zaidi, na pikipiki ikaenda kusimama kwenye majani, hatua mbili kabla ya ile hewa.

Bi Mboni akashuka.

"Baba Zuhena, leo utanisikiliza. Mimi nakaa nyuma, na kila ukibana breki paji langu la uso linagonga mgongo wako. Nimehesabu. Ukienda kasi linagonga harakaharaka. Ukipunguza linagonga polepole. Barabara haijui mwendo wako, wala upepo. Anayeujua mwendo wako ni tairi. Kuna kitu kinazunguka nalo, na kila mzunguko kinakupiga palepale."

Mzee akavua kofia. Kisha akasema, "Umesema kweli. Nimekuwa mkaidi." Miaka thelathini na minne ya ndoa, neno hilo lilikuwa halijasikika.

Wakarudi juu taratibu, maana kupanda hakuhitaji breki sana. Chambuso aliposikia maneno ya Bi Mboni aliona haya, akautupa muwa. Akainua tairi la mbele, akalitikisa huku na huku: beringi nzima. Akatazama rimu: imenyooka. Ndipo akafunga kipande cha waya kwenye shokapu, ncha ikikaribia ile diski ya chuma inayobanwa na breki, akalizungusha tairi polepole. Diski ikausogelea waya, ikaukwaruza, ikauacha. Ikausogelea, ikaukwaruza, ikauacha. Palepale, kila mzunguko.

"Diski imepinda, mama," akasema. "Umeijua kwa paji la uso kabla yangu. Na tazama hizi alama za bluu. Imechemka, halafu ikamwagiwa maji baridi, tena mara nyingi. Nikifunga nyingine bila kumjua anayemwaga maji, nayo itapinda."

Diski mpya ingetoka mjini baada ya siku tisa. Bi Mboni akakaa juu ya tairi bovu akalia, bila kujificha.

Mkwe wao, Shembilu, akapata habari kwa simu. Pikipiki yake ilikuwa aina moja na ya mkwewe, ila injini ilikuwa imefunguliwa, haiendi popote. Akaifungua diski yake, akaifunga kwenye kanga ya mkewe, akamwacha Zuhena na shangazi, akaupanda mlima kwa miguu. Kona zote ishirini na moja. Akafika saa nane mchana, viatu mkononi.

Chambuso akauliza, "Nani anaimwagia maji?"

Mzee akatazama mawingu. Bi Mboni akatengeneza ushungi. Wote wawili walijua. Kila waliposhuka bondeni, kabla hata hawajavua kofia, Shembilu alikimbia na ndoo ya maji ya kijito akaosha pikipiki ya wakwe zake, na diski ikalia chwaaa! Utamwambiaje mkwe anayekupokea kwa heshima namna ile kwamba aache?

Shembilu akapiga magoti. "Ni mimi, baba. Nilidhani nawaheshimu."

"Na umetuheshimu," mzee akamwinua. "Ila siku nyingine uiache ipoe kwanza, mwanangu."

Chambuso akasafisha pale diski inapokaa, akakaza bolti kidogokidogo, hii na ya mkabala wake, mpaka zote zikashika sawa. Akazungusha tairi. Waya haukuguswa.

Wazee wakashuka na pikipiki, Shembilu akawafuata kwa miguu. Paji la uso la Bi Mboni halikugonga hata mara moja. Aliliweka tu pale mgongoni kwa hiari yake. Kesho yake asubuhi Zuhena alijifungua mtoto wa kike, akiubana mkono wa mama yake mpaka ukafa ganzi.

Siku ya saba jogoo akachinjwa, na Chambuso naye akaalikwa bondeni. Firigisi, kwa desturi ya kwao, haikatwi, na huliwa na baba mwenye heshima. Zuhena akamletea babake. Mzee akaisukuma sahani.

"Leo si yangu. Mpe aliyemfikisha mama yako hapa."

"Basi ni yangu," akasema Bi Mboni. "Nisingehesabu, mngekuwa bado mnaulaumu upepo."

"Lakini mama," akasema Chambuso, "maji uliyasikia yakilia chwaaa, ukanyamaza. Mimi ndiye niliyeuona ugonjwa, nikauponya."

"Mara ya kwanza ulitazama muwa," akasema Bi Mboni.

Shembilu akainamisha kichwa. "Mimi niliiharibu. Lakini niliileta diski kwa miguu yangu, na nikasema kweli mbele ya wakwe zangu. Kusema kulikuwa kuzito kuliko mlima."

Zuhena akabaki amesimama, mtoto begani, sahani mkononi, anawatazama mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga.

Mimi nimeshachagua, ila sisemi, maana mke wangu anasikia. Semeni nyinyi. Bila lile paji la uso, bila ule waya, bila ile diski iliyopanda mlima ndani ya kanga, Zuhena angeushika mkono wa nani? Je, firigisi ile ilimstahili nani?