Jina Ukutani kwa Chilumba

Bwana Chilumba, mnunuzi wa korosho za kijiji kizima, alisimama mlangoni mwa ghala lake akawaamuru akina mama wa kisomo watoke. Mwenye jembe, alisema, hana haja na herufi.

"Tunatoka, baba," alisema Somoe, akijifunga kanga vizuri. Pengine pa kusomea hawakuwa napo, lakini uso wake haukusema hivyo. "Ila tuambie, dawa ya minyoo unauzaje?"

"Dawa gani?"

"Si umechora minyoo ukutani?"

"Hilo ni jina langu! Nimemleta fundi kutoka mjini aliandike!"

"Ala! Tangu masika tunapita hapa tukisema, masikini, kumbe tumbo linamsumbua."

Wenzake walificha vicheko ndani ya kanga.

"Nani mwingine anasema hivyo?"

"Kijiji kizima. Jina kubwa vile, na wa kulisoma hayupo. Pole, baba."

Chilumba aliutazama ukuta, akawatazama wanawake.

"Rudini ndani. Mwalimu aanze na jina langu. Ubao nitanunua mimi."

Jina walilijua upesi. Mwalimu alipouliza kinachofuata, Somoe alijibu, "Namba."

Msimu ulipofika, Chilumba alitundika gunia la Somoe kwenye mizani, akatangaza kama kawaida yake, "Kilo arobaini!"

"Mshale uko kwenye hamsini na mbili, baba."

Foleni nzima ya akina mama ilinyoosha shingo kuusoma mshale.

"Nani kawafundisha haya?" alifoka Chilumba.

"Wewe, baba," alisema Somoe. "Ubao si wako?"