Nani Aende Kupumzika?

Sogeeni, lakini leo msinijibu haraka, maana kisa hiki kimenikera kwa muda mrefu.

Bi Mwantumu alipigwa na kiharusi, akalazwa hospitalini, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Watatu wakaja kumuuguza. Mwanawe Shebughe alijaliwa nguvu, binti yake Sikudhani alijaliwa subira, na Mwanaidi, mke wa Shebughe, alijaliwa maneno.

Shebughe alimgeuza mama kitandani kila mara ili asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Kiuno cha Shebughe ndicho kilichoharibika, akawa hainuki bila kushika ukuta.

Sikudhani alimlisha kijiko kwa kijiko. Wageni walileta vyakula vya kila namna, lakini kwa mila ya kwao chakula cha mgonjwa hakiguswi na mzima, naye hakugusa, akashinda na njaa. Mama akanawiri, Sikudhani akapata vidonda vya tumbo.

Mwanaidi alimsemesha mama mkwe, akamtania, mpaka ulimi uliokuwa mzito ukafunguka. Akitoka wodini alijificha na kulia. Usingizi ulikuwa umemhama.

Na wageni je? Wote walikuja na swali lao moja, mgonjwa anaendeleaje. Wauguzaji hakuna aliyewatazama usoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na jambo hilo linaniudhi kweli.

Siku moja mama akaukataa uji. Akaukataa na kesho yake, akaanza kudhoofika tena. Daktari alimpima, asione ugonjwa mpya, akamuuliza kulikoni.

"Nawaona wanangu wanaisha," mama akasema. "Nitamezaje?"

Daktari akaamua mmoja aende nyumbani kupumzika na wawili wabaki, kwani mmoja peke yake hawezi kazi ile. Shebughe akataja kiuno, Sikudhani tumbo, Mwanaidi usingizi. Wakagombana palepale kando ya kitanda, watu waliokuwa wakipendana. Daktari akamwachia mama achague.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Nikimtaja mmoja, wawili watajua kwamba maumivu yao sikuyaona. Nisipomtaja, wote watakuja kulazwa hapa nami."

Akafumba mdomo, na uji ukapoa.

Haya, mimi nimeshindwa. Ungekuwa wewe uliye kitandani pale, ungemruhusu nani aende?